Urefu wa risasi: Kipimo kidogo kinacholinda mkono wa mpiga shabaha

UNENE wa kadi ya benki ni milimita 0.76. Kwa mtu anayejaza upya risasi za bastola, tofauti ya kiasi hicho katika urefu wa risasi yaweza kutosha kuipasua silaha mkononi mwake.

Kampuni ya Speer ya Marekani, ambayo kwa miaka mingi imekuwa ikichapisha kitabu cha mwongozo kwa wajazaji wa risasi, iliwahi kueleza matokeo ya jaribio la aina hiyo. Vichwa vya risasi za milimita 9 vilisukumwa kwa makusudi ndani ya maganda yake kwa inchi 0.030 zaidi ya ilivyotakiwa, yaani hizo hizo milimita 0.76. Baruti haikuongezwa hata chembe. Hata hivyo, mgandamizo wa gesi ndani ya silaha ulipanda kwa zaidi ya mara mbili.

Hiyo ndiyo sababu wapiga shabaha wanaojaza risasi zao wenyewe huwa na kalipa mezani muda wote wa kazi. Risasi iliyokamilika hupimwa kutoka kitakoni hadi nchani, na isiyolingana na kipimo huwekwa kando.

Kwa wakazi wengi wa Afrika Mashariki kazi hiyo ni jambo la mbali. Nchini Marekani, kwa upande mwingine, ni shughuli halali ya kawaida inayofanyika nyumbani, kwenye gereji au chumba cha stoo. Nchini Ujerumani nayo inaruhusiwa, lakini mtu hauziwi baruti bila kibali kinachotolewa baada ya mafunzo na mtihani.

Wanaoifanya wana sababu kuu mbili. Ya kwanza ni gharama, kwani mpiga shabaha wa mashindano huweza kutumia mamia ya risasi kwa wiki moja. Ya pili ni kupata risasi zinazolingana vizuri na bastola yake. Idadi yao nchini Marekani iliongezeka baada ya mwaka 2020, wakati risasi za kiwandani zilipoadimika madukani kutokana na mahitaji makubwa ya kipindi cha janga la korona.

Sehemu nne za risasi

Katika Kiswahili cha kila siku, neno risasi hutumika kwa kitu kizima kinachoingizwa kwenye bastola, na pia kwa kile kipande kinachoruka kwenda shabahani. Katika makala haya, risasi ni kitu kizima, na kipande kinachoruka ni kichwa cha risasi.

Risasi ya bastola ina sehemu nne. Kuna ganda, ambalo kwa kawaida hutengenezwa kwa shaba iliyochanganywa na zinki. Katikati ya kitako cha ganda hilo huwekwa fataki ndogo inayolipuka inapogongwa. Ndani ya ganda hutiwa baruti, na mdomoni hupachikwa kichwa.

Bastola inapofyatuliwa, kichwa huenda zake, baruti huungua na fataki huwa imemaliza kazi yake. Ganda pekee ndilo hubaki, nalo ndilo sehemu iliyo ghali kuitengeneza. Ganda zuri la bastola linaweza kutumika tena mara kadhaa kabla ya kuchoka na kupata nyufa.

Mjazaji hulisafisha ganda na kulipitisha kwenye kalibu ya chuma ili lirudi katika unene wake wa awali, kwa kuwa hutanuka kidogo kila linapotumika. Huitoa fataki ya zamani na kuweka mpya, kisha hutia baruti iliyopimwa kwa mizani kwa mujibu wa kitabu cha mwongozo. Mwisho hukikandamiza kichwa ndani ya mdomo wa ganda kwa mashine ya mkono.

Hatua hiyo ya mwisho ndiyo inayoamua urefu wa risasi. Kalibu inayosukuma kichwa ina parafujo juu yake. Ikizungushwa upande mmoja kichwa huingia ndani zaidi na risasi huwa fupi, na ikizungushwa upande wa pili kichwa hubaki juu na risasi huwa ndefu.

Viwango vya kimataifa

Vipimo vya risasi havikuachwa viamuliwe na kila fundi kwa hiari yake. Nchini Marekani husimamiwa na taasisi ya watengenezaji wa silaha na risasi za michezo, SAAMI, iliyoanzishwa mwaka 1926. Barani Ulaya ipo tume ya kimataifa ijulikanayo kwa kifupi kama C.I.P., iliyoanzia mjini Liège, Ubelgiji, mwaka 1914.

Kwa risasi ya milimita 9, iliyobuniwa na Mwaustria Georg Luger na ambayo leo hutumiwa na majeshi na polisi wa nchi nyingi duniani, urefu wa juu kabisa ni milimita 29.69. Ganda lake peke yake halipaswi kuzidi milimita 19.15. Kwa risasi ya .45, iliyobuniwa na Mmarekani John Browning na kupokewa rasmi na jeshi la nchi yake mwaka 1911, kikomo cha risasi nzima ni takriban milimita 32.4.

Vipimo hivyo ni mipaka ambayo risasi haitakiwi kuivuka, navyo havimwambii mjazaji urefu hasa anaopaswa kuufuata. Urefu wa kufuata hutoka katika kitabu cha mwongozo, ambacho hutaja aina ya kichwa, aina ya baruti na urefu uliotumika walipofanya majaribio. Mtu anayechukua kiasi cha baruti kutoka kitabuni na kuupuuza urefu ulioandikwa kando yake, amechukua nusu ya maelekezo.

Kwa nini risasi fupi ni hatari

Ganda la milimita 9, likiwa halina kichwa, lina nafasi ya takriban mililita 0.86. Kijiko cha chai hubeba mililita 5. Kwa hiyo nafasi yote iliyomo ndani ya ganda haifiki hata sehemu ya tano ya kijiko cha chai, na sehemu kubwa ya nafasi hiyo huchukuliwa na mkia wa kichwa kinachopachikwa mdomoni.

Katika nafasi ndogo kiasi hicho, kila sehemu ya milimita ina uzito wake. Kichwa kikizama milimita moja zaidi, hunyang'anya chumba cha baruti karibu milimita 64 za ujazo. Gesi ambayo ilitarajiwa kupata mahali pa kutanuka hukuta mahali pamejaa.

Tatizo halikomi hapo. Baruti ya kisasa isiyotoa moshi haiungui kwa mwendo ule ule nyakati zote. Inapobanwa huungua kwa kasi zaidi, na inapoungua kwa kasi hutoa gesi nyingi zaidi kwa muda mfupi, ambayo nayo huongeza kubanwa. Ndiyo maana upungufu mdogo wa nafasi huweza kuzaa ongezeko kubwa la mgandamizo.

Kiwango cha juu kinachoruhusiwa na SAAMI kwa risasi ya kawaida ya milimita 9 ni pauni 35,000 kwa inchi ya mraba. Gurudumu la gari dogo hujazwa upepo wa pauni 30 hivi kwa kipimo hicho hicho. Hata risasi salama, basi, hufanya kazi kwa mgandamizo unaozidi ule wa gurudumu kwa zaidi ya mara elfu moja, na chuma cha bastola kimetengenezwa kuustahimili. Ukizidi mara mbili, hakuna anayeweza kuahidi kuwa chuma kitastahimili.

Mara nyingi linaloanza kushindwa ni ganda. Katika bastola nyingi kuna sehemu ndogo karibu na kitako cha ganda ambayo haikuzungukwa kikamilifu na chuma, kwa kuwa hapo ndipo palipo na mteremko unaoelekeza risasi kuingia chemba. Ganda likipasuka mahali hapo, gesi ya moto hushuka kwenye magazini na kwenye mpini, yaani panapokaa kiganja. Hali ikiwa mbaya zaidi, mtutu wenyewe hupasuka.

Risasi ndefu nayo ina matatizo yake

Mtu angeweza kudhani kwamba, kwa kuwa risasi fupi ni hatari, usalama uko katika kuiacha iwe ndefu. Sivyo.

Risasi ndefu kupita kiasi huanza kwa kukataa kuingia kwenye magazini, au huingia na kukwama humo. Ikifanikiwa kufika kwenye chemba, kichwa chake hugusa mifuo iliyochongwa ndani ya mtutu kabla risasi haijakaa mahali pake. Bastola hushindwa kujifunga sawasawa, na mpiga shabaha hubaki na silaha isiyolia wala isiyofunguka kwa urahisi.

Akiilazimisha kufunguka, huenda ganda likatoka na kichwa kikabaki kimenasa mtutuni, huku baruti ikimwagika ndani ya mitambo. Na hata ikitokea bastola ikajifunga, kichwa kilichobanwa kwenye mifuo tangu mwanzo hukosa ile nafasi fupi ya kuanzia mwendo, jambo ambalo pia huongeza mgandamizo.

Katika bastola za silinda hali ni tofauti kidogo. Humo risasi haipigwi kwenye mteremko wowote, kwa hiyo kichwa hakisukumwi ndani. Kinyume chake, mtikisiko wa kila mlio huwavuta nyuma silaha na maganda yaliyomo, wakati vichwa vizito vikibaki nyuma ya mwendo huo. Matokeo yake ni kichwa kuchomoza kidogo kidogo kutoka katika ganda lake. Kikichomoza hadi kupita uso wa silinda, silinda hushindwa kuzunguka.

Wajazaji wa risasi za silinda huzuia hilo kwa kuukunja mdomo wa ganda uingie kwenye mfuo wa kichwa. Kisha hujaribu kwa kufyatua risasi zote isipokuwa moja, na kuipima ile iliyobaki waone kama imerefuka.

Urefu uliotumika kama kufuli

Historia ya silaha ina mfano mmoja unaoonyesha jinsi urefu ulivyotumika kwa makusudi kulinda watu. Mwaka 1935 ilipoingizwa sokoni nchini Marekani risasi yenye nguvu ya .357 Magnum, tayari bastola za silinda za .38 Special zilikuwa zimeenea mikononi mwa polisi na raia. Unene wa risasi hizo mbili ni mmoja.

Hofu ilikuwa kwamba mtu angeitia risasi mpya katika bastola ya zamani isiyoweza kuistahimili. Wabunifu wakalirefusha ganda la risasi mpya. Ganda la .38 lina urefu wa milimita 29.34, na la .357 lina milimita 32.77. Ziada hiyo isiyofika hata milimita 4 yatosha kuizuia risasi kali isizame katika silinda iliyochongwa kwa ajili ya risasi ya kawaida.

Umuhimu wa kinga hiyo waonekana katika viwango vya leo. Mgandamizo wa juu wa .38 Special ya kawaida ni pauni 17,000 kwa inchi ya mraba, wakati wa .357 ni pauni 35,000.

Namna ukaguzi unavyofanyika

Ukaguzi huanza kabla baruti haijaguswa. Mjazaji hutengeneza kwanza risasi bubu, isiyo na baruti wala fataki, ili kuutafuta urefu unaofaa. Hiyo haiwezi kulipuka hata ikikosewa.

Kifaa cha kupimia ni kalipa, iwe ya venia kama ile inayofundishwa katika somo la fizikia sekondari, au ya kidijitali inayosoma mia moja ya milimita. Meno yake hufutwa, hufungwa, na kuhakikishwa kuwa yanasoma sifuri. Kisha risasi huwekwa katikati yake ikiwa imenyooka, kwa kuwa ikilala upande kipimo hudanganya.

Baada ya kalipa hufuata jaribio la mtutu. Bastola huhakikishwa kuwa haina kitu, hufunguliwa, na mtutu hutolewa kabisa. Risasi bubu huachwa ianguke ndani ya chemba kwa uzito wake yenyewe. Inayofaa hutua kwa mlio wa wazi, huzunguka bila kukwaruza ikisokotwa kwa vidole, na hudondoka yenyewe mtutu unapogeuzwa. Inayong'ang'ania haifai.

Jaribio hilo lina maana kubwa kwa sababu bastola mbili za milimita 9 kutoka viwanda tofauti zaweza kuwa na mifuo inayoanzia mahali tofauti. Risasi inayotua vizuri katika moja huenda ikagoma katika nyingine, ingawa kalipa inasema imo ndani ya kiwango. Risasi ikilazimika kufupishwa ili iingie, mjazaji mwangalifu hurudi kwenye kiwango cha chini cha baruti na kuanza upya, kwa kuwa nafasi ya ndani imepungua.

Jaribio la tatu ni la kukamatwa kwa kichwa. Risasi bubu husukumwa kwa nguvu ya mkono, ncha ikiwa imeegemezwa kwenye ukingo wa meza, kisha hupimwa tena. Ikiwa imefupika, mdomo wa ganda haukukaza, na risasi za namna hiyo zingefupika zaidi ndani ya bastola.

Kazi yenyewe inapoanza, hupimwa risasi kadhaa za mwanzo, halafu moja kila baada ya chache. Tofauti ndogo za mia kadhaa za milimita ni za kawaida, kwa sababu ncha za vichwa hazifanani kabisa. Zinapoanza kwenda upande mmoja, kila risasi ikiwa fupi kuliko iliyotangulia, kazi husimamishwa. Huenda parafujo imelegea, au uchafu umejikusanya ndani ya kalibu.

Kalipa isichoweza kuonyesha

Kalipa hupima hadi nchani, na ncha za vichwa zina maumbo mengi. Kipo cha mviringo, kipo butu, na kipo chenye tundu mbele. Kichwa butu hubeba unene wake mbele zaidi, hivyo chaweza kugusa mifuo mapema hata kama urefu wa risasi nzima ni sawa na ule wa kichwa cha mviringo. Kwa sababu hiyo, urefu uliotajwa kitabuni kwa kichwa cha aina moja hauhamishiwi kwa kichwa cha aina nyingine, hata vikiwa na uzito mmoja.

Aidha, kalipa haioni kilichomo ndani. Ganda lililotiwa baruti mara mbili kwa bahati mbaya litakuwa na urefu sahihi kabisa, na lile lisilo na baruti vilevile. Makosa hayo hugunduliwa kwa mizani na kwa kuchungulia ndani ya kila ganda kabla kichwa hakijawekwa.

Linalowahusu wasiojaza risasi

Katika Afrika Mashariki utengenezaji wa risasi ni kazi inayofanyika chini ya usimamizi wa serikali, katika viwanda kama Mzinga mjini Morogoro na kile cha Eldoret nchini Kenya. Mtu binafsi hawezi kujitengenezea risasi nyumbani bila kuvunja sheria.

Hata hivyo, hatari ya risasi kufupika haiwakuti wajazaji peke yao. Risasi ya kiwandani nayo hufupika inapoingizwa kwenye chemba na kutolewa mara kwa mara, kwani kila inapoingia, ncha yake hugonga ule mteremko wa chuma, na kichwa husukumwa ndani kidogo.

Wanaokabiliwa zaidi ni askari, walinzi na wamiliki halali wa bastola wanaoipakua silaha kila jioni na kuipakia kila asubuhi. Mara nyingi risasi inayorudishwa juu kabisa ya magazini ni ile ile ya jana. Baada ya wiki kadhaa, risasi hiyo moja huwa imegongwa mara nyingi, wakati zilizo chini yake hazijaguswa.

Ukaguzi wake hauhitaji mashine. Risasi inayotumika kila siku husimamishwa mezani kando ya nyingine mpya ya aina ile ile kutoka boksi moja. Zikiwa sawa, hakuna neno, ingawa ni vyema kubadilisha ile inayotangulia ili isirudiwe moja tu. Mojawapo ikionekana fupi kwa macho, hiyo isifyatuliwe na wala isijaribiwe kurefushwa kwa koleo. Irudishwe kwa muuzaji mwenye leseni au kwa polisi.

Macho yakibaki na shaka, kalipa ya venia kutoka duka la vifaa vya ufundi itatoa jibu kwa sekunde chache.